Kisu cha chuma cha S30V kimeshindwa na Opinel kwenye kamba ya katani, kosa liko wapi?

Mkereza_Njiro
Wakuu, salaam. Nina visu vitano kabatini, kila kimoja na chuma chake, na nataka kuvipanga kwa kudumu makali. Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Kifaransa, cha chuma cha kaboni (XC90), kisu cha jikoni cha Victorinox, cha kukunja cha chuma cha D2 kutoka China, cha kukunja cha S30V, na sime ya springi iliyofuliwa hapa hapa Arusha. Vyote nimevinoa kwa jiwe la dukani lenye pande mbili, nikakata kamba ya katani ya milimita 12 mpaka kisu kishindwe kuchana ukurasa wa gazeti. Nilitegemea S30V iongoze kwa mbali. Opinel ikaipita! D2 ya tatu, Victorinox na sime zikafungana mkiani. S30V yangu ni feki, au kipimo ndicho kibovu? Na hiyo sime inaokoleka?

kinoo_cha_Kibosho
Mkuu, hapo hujapima vyuma, umepima maumbo. Bapa la Opinel ni jembamba, chini ya milimita 2 hata mgongoni, na linateremka taratibu mpaka kwenye makali. Likiwa nusu butu bado linapenya. Visu vingi vya kukunja vya S30V vina mgongo wa milimita 3 na zaidi, na nyuma ya makali chuma kimebaki kinene, kwa hiyo kamba inakuwa inapasuliwa kama kuni badala ya kukatwa.

Sawazisha pembe kwanza. Pima upana wa bapa kutoka mgongoni hadi makali, zidisha kwa 0.34. Hicho ndicho kimo cha mgongo juu ya jiwe kwa digrii 20 kila upande: bapa la milimita 30 unainua kama milimita 10. Kata kijiti cha kimo hicho uwe unalinganishia. Halafu paka maka peni kwenye mteremko wa makali, pitisha kisu mara mbili, utazame. Wino ukibaki ukingoni kabisa, umekilaza mno. Ukibaki upande wa juu kuelekea mgongo, umekisimamisha mno.

Ninachoshuku zaidi kwenye S30V yako ni uzi. Ukinoa upande mmoja, ukingo mwembamba wa chuma unajikunja upande wa pili. Unausikia ukiburuta kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Uzi huo unachana gazeti vizuri ajabu, ila ukikutana na katani unalala au unang'oka, na kisu kinaonekana kimekufa mapema. Utoe kwa mipigo myepesi ya kubadilishana, mmoja huku mmoja kule, uzito wa kisu chenyewe tu, halafu malizia kwenye ngozi.

Na kipimo cha gazeti kina mtego wake. Karatasi ina upande inaochanika ukinyooka na upande inaokwenda zigizaga. Kata kwa huo wa zigizaga siku zote, maana ule mwingine unakibeba hata kisu kibovu.

FundiTupa
Nakubali kuhusu uzi, lakini jiwe nalo lisiachwe. S30V ina kaboni asilimia 1.45, kromiamu 14 na vanadiamu 4. Chembe za kabidi ya vanadiamu (vanadiamu iliyoungana na kaboni) ni ngumu kuliko jiwe la alumini oksidi. Upande wa jiwe wenye chembe kubwa bado unafanya kazi, kwa sababu unakula chuma kinachozizunguka. Ukifika upande laini ndipo unapoanza kusugua bila kukata. Tafuta bamba la almasi lenye namba ya chembe 400 na la 1000, na usimame hapo. Kwa kamba, makali yenye meno kidogo hukata vizuri kuliko yaliyong'arishwa. D2 (kaboni 1.5, kromiamu 12) inalalamika kidogo tu kwenye jiwe la kawaida.

Victorinox umeionea. Visu vyao vya jikoni vina ugumu wa 55 hadi 56 HRC (kipimo cha ugumu wa chuma), kwa makusudi. Makali yake hulala, hayameguki, na ule mchuma wa bucha (fimbo ya kunyooshea makali) unayasimamisha kwa mipigo minne mitano. Kuishindanisha bila huo mchuma ni kumfunga mtu mkono mmoja.

Sime: pitisha kona ya tupa nzuri kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, imeiva, yaani ni ngumu. Iking'ata na kutoa unga, ni laini, ama haikuzimwa kabisa (kupozwa ghafla ikiwa nyekundu) ama grainda imeichoma (rangi ya bluu ni kama digrii 300, makali hapo yameshalegea). Springi nyingi zina kaboni karibu 0.6, na zinaokoleka: pasha hadi sumaku iache kushika, ongeza kidogo mpaka nyekundu ielekee chungwa, zima kwenye mafuta ya kula ya uvuguvugu, kisha oveni digrii 200 kwa saa moja, mara mbili. Fundi akikuambia maji, chukua sime yako uondoke. Springi kwenye maji hupasuka. Hata ikiiva, ipime kwa kukatakata matawi. Kamba si kazi yake.

Mkereza_Njiro
Tupa inang'ata, tena inakula kama mbao. Swali la nyongeza: Opinel imegeuka nyeusi baada ya kumenya ndizi za mtori. Niisugue kwa msasa kabla ya kurudia kipimo?

kinoo_cha_Kibosho
Usiiguse. Ule ni utomvu: tanini yake imeshikana na chuma, na weusi huo unazuia kutu kidogo. Cha kusugua ni kile chekundu. Osha, kausha, paka mafuta kidogo, na hiyo sime itoe kwenye ala ya ngozi hasa wakati wa masika, ngozi inatunza unyevu.

Unaporudia, kata kwa sehemu ile ile ya bapa, sentimita 4, itie alama. Kamba iwe mpya na ya robota moja. Iliyoburutwa chini ina mchanga, na mchanga haubagui XC90 wala S30V. Chini weka ubao laini juu ya mizani ya dukani, kandamiza bila kuburuta, andika kilo za mkato wa kwanza. Zikifika mara moja na nusu ya hizo, simama, hesabu mikato. Gazeti liwe la kuhakikisha tu.