Cherehani ya mtumba ya kushonea turubai: nikague nini kabla ya kulipa?

Mshonaji wa Morogoro
Shikamooni wakubwa zangu. Ninashona maturubai ya malori na makava ya viti vya magari. Cherehani yangu ya mshono mnyoofu imenishinda: nikifika kwenye pindo lenye mikunjo minne, safu ya juu inabaki nyuma, mishono inafupika na sindano inavunjika. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishauri nifunge mota kubwa zaidi, lakini mimi ninafikiria kutafuta Juki DNU-1541 au Singer 111W iliyotumika. Nianzie wapi?

Fundi wa Ilala
Marahaba, mwanangu. Mota kubwa itavunja sindano nyingi zaidi, kwa sababu tatizo lako si nguvu bali ni jinsi kitambaa kinavyosogezwa. Kwenye cherehani yako meno ya chini ndiyo pekee yanayovuta, huku safu ya juu ikisuguana na mguu uliosimama, yaani kile chuma kinachokandamiza kitambaa kutoka juu. Kwenye cherehani ya mguu unaotembea, sindano husogea pamoja na meno na mguu ikiwa bado imezama ndani ya kitambaa, hivyo safu zote huenda sawia. Ila soma vizuri bamba lenye jina la modeli kwenye Singer: 111W ni jina la familia nzima, na baadhi yake hazina mguu huo. Unayoitaka wewe ni 111W155, nayo haishoni kurudi nyuma. Juki hiyo inarudi.

Mama Turubai
Ninaongeza hapo kwa Fundi. Nenda na turubai lako mwenyewe pamoja na uzi unaoutumia, maana muuzaji atakuonyesha mshono mzuri juu ya kitambaa chepesi, na huo hauthibitishi chochote. Kabla ya kuwasha, zungusha gurudumu kwa mkono ukisikiliza kama kuna mahali panapokwama, kisha utikise pembeni nondo ya sindano, yaani chuma kinachoishika sindano. Ikicheza sana, imelika. Fungua bamba la sindano uitazame ncha ya ndoana inayokamata uzi, kwani ikiwa butu au imemeguka, mishono itaruka hata ukibadilisha sindano mara kumi. Uliza pia mota ni ya umeme wa fezi ngapi, kwa sababu nyingi zilizotoka viwandani ni za fezi tatu.

Mshonaji wa Morogoro
Asanteni sana. Karakana yangu ina fezi moja tu. Je, nikiipata yenye kichwa kizima, yaani cherehani yenyewe bila mota, niiache kwa ajili ya mota?

Fundi wa Ilala
Usiiache. Mwombe muuzaji apunguze bei, kisha ufunge mota ya servo ya fezi moja. Hiyo itakuruhusu kwenda polepole kwenye mapindo mazito.