Mrejesho: nimeachana na ranifleti

Wakuu, niliuliza kama nibaki na matairi ya ranifleti (run-flat, yale yanayoendelea kutembea hata yakiisha upepo) yaliyokuja na gari au niweke ya kawaida. Nimeweka ya kawaida. Tofauti niliisikia kwenye tuta la kwanza tu: ule mshindo wa kugonga mgongoni haupo tena. Kuta za ranifleti ni ngumu kwa sababu ndizo zinazobeba gari upepo ukiisha, kwa kawaida kilomita 80 kwa spidi isiyozidi 80. Hilo nitalikosa, sikatai. Shida ni kwamba gari langu halina hata nafasi ya spea, kwa hiyo butini sasa kuna kompresa ndogo na dawa ya kuziba pancha. Ukuta wa tairi ukichanika, hivyo havisaidii; ni kuita gari la kuvuta.