Tupeane uzoefu: kupeleka familia ku Great Zimbabwe kutokea L'shi (Lubumbashi)

Mama_wa_Katuba
Asubuhi binamu yangu ametuma picha kwenye grupe ya familia, amesimama mbele ya ule munara wa majiwe wa Great Zimbabwe, ule muji wa zamani wa kuta za majiwe kule Zimbabwe, roho ikaniruka papo hapo. Wenye mulienda kule na batoto na bazee mulete uzoefu, juu congé inakaribia na watu banaulizana. Yangu nitaandika chini, ni murefu.

Kasapa_Boy
Kasumbalesa, mupaka wetu na Zambia, mufike alfajiri sana, mbele ya makamio kufunga njia. Na dereva asisahau, ukivuka tu ni mukono wa kushoto, Zambia na Zimbabwe yote. Karte za chanjo ya homa ya manjano mubebe mukononi. Sisi ya mutoto mumoja ilikuwa chini ya valizi zote, tukapakua kofre nzima kwenye jua.

Yaya_wa_Bel_Air
Kabisa! Sisi hata sufuria zilishuka.

Papa_Kampemba
Mulale Lusaka. Ile milima ya kushuka Chirundu, mupaka wa Zambia na Zimbabwe, musiiguse usiku, makamio yanashuka polepole na tembo wanavukaga njia. Mupaka wenyewe pale ni mwepesi tangu 2009, unashuka pande moja tu, wa Zambia na wa Zimbabwe bako pamoja.

Mutoto_wa_Kenya
Motokari ya nini, mupande bisi tu mulale ndani.

Yaya_wa_Bel_Air
Bisi? Na mutoto wa kunyonya? Iko moja, jina sitaji, ilituacha stesheni ya mafuta na mabegi yakaenda. Bisi hapana.

Mutoto_wa_Kenya
Yaya, bisi moja mbaya haifanye zote mbaya, mimi nimeenda nazo na sijapoteza hata sabuni.

Mama_wa_Katuba
Sasa yangu. Tulilala Masvingo, ule muji wakoloni waliuita Fort Victoria, tukaona kale kanisa kadogo kalijengwa na wafungwa wa Italia wakati wa vita ya pili, kisha tukaenda ku majiwe, ni kama kilomita 30 hivi. Tulikuwa na kaku, mama wa bwana yangu, magoti yanamuuma lakini akasema hakutoka Kongo kuja kukaa kwenye motokari. Tukaingia ule uzio mukubwa wa chini. Jamani, ukuta metre 11 kwenda juu, kuzunguka karibu metre 250, na hakuna simenti hata kijiko, jiwe juu ya jiwe, unaweka kiganja unasikia baridi yake na jua liko kali nje. Batoto bote bakanyamaza. Ule wa mwisho mukono wake nilikuwa nao, nikauachia nipige kaku picha, kugeuka mutoto hayuko. Mule ndani kuna njia katikati ya kuta mbili, nyembamba, munapita mumoja nyuma ya mwingine, mbingu unaiona kama kamba. Nikaingia naita, sauti inagonga ukuta inanirudilia, sijui kama ni yeye ananijibu ao ni mimi. Bwana yangu akakimbia upande mwingine, muongozaji akaenda kusimama mulangoni mutoto asitoke kuelekea pori. Katikati ya ile njia nikaokota sandale yake moja, kamba imekatika. Hapo miguu ikaisha, nikashikilia ukuta, nilikuwa nasema tu Yesu, Yesu. Kaku ndiye hakupiga kelele. Alikaa pale pale akaanza kumwita lile jina la Kiluba, lenye yeye peke yake anamwitaga nalo nyumbani, polepole, anavuta. Na mutoto akaitika! Alikuwa chini ya munara wenyewe, kivulini, anapanga vijiwe vyake, anajenga. Nilimubeba mupaka tukatoka, sikumuweka chini tena.

Yaya_wa_Bel_Air
Mama ee nimelia hapa kazini.

Kasapa_Boy
Kaku apewe kuku muzima.

Petit_Kisanga
Andikeni namba ya simu kwenye mukono wa mutoto na biki, haitoki upesi.

Mutoto_wa_Kenya
Ao mubafunge na kitenge mugongoni, hata wa miaka sita. Ao mubaache kwa shangazi.

Mama_wa_Katuba
Kuwaacha hapana. Yule mutoto mupaka leo anajenga kuta na majiwe kwenye parselle.

Mukubwa_Golf
Pole mama. Lakini zile kuta si walijenga Waarabu ao watu wa malkia wa Sheba? Nilisoma hivyo zamani.

Papa_Kampemba
Hapana mukubwa, hapana! Hayo ni ya Karl Mauch, Mujerumani, 1871, alinusa muti wa mulango akasema ni mwerezi wa Lebanoni. 1905 Randall-MacIver, muchunguzi wa mambo ya kale, akachimba, 1929 mama Caton-Thompson, naye muchunguzi, akachimba tena, wote wakakuta ni kazi ya watu wa pale pale, bankambo ba Bashona.

Mukubwa_Golf
Usinifokee. Vyombo vya Uchina vilifikaje pale kati?

Papa_Kampemba
Kwa biashara! Dhahabu ilishuka pwani, bidhaa zikapanda. Pale pale waliokota hata sarafu ya Kilwa. Na sisi Katanga tulikuwa tunayeyusha misalaba ya shaba, ile pesa ya zamani, ingia musée ya hapa mujini uione. Ingombe Ilede, karibu na Zambezi, walizika watu na misalaba ya shaba. Nani alitufundisha? Hasira yangu haiko juu yako, iko juu ya kitabu ulichosomeshwa.

Mukubwa_Golf
Sawa papa. Nimesikia. Nitaenda kuona.

Mushi_wa_Bukavu
Sisi huku tunavuka muto Rusizi kwenda Nyanza, nyumba ya mwami wa Rwanda, unaenda na kurudi bila kumaliza franka zote. Lakini hiyo ya majiwe imenishika.

Yaya_wa_Bel_Air
Mama Katuba, na kaku alipanda kile kilima cha pale chenye kuta juu? Wangu ana magoti hayo hayo.

Mama_wa_Katuba
Alipanda, yaya, na fimbo. Njia ni mbili: ile ya zamani inabana katikati ya majiwe makubwa, ya pili inazunguka, ni nafuu. Mwende asubuhi kabla ya jua, uzio wa chini mufanye nyuma. Na maji mubebe mengi kuliko munavyofikiri.