Naomba ushauri: aya za insha ya kitaaluma ziwe na urefu gani?

Ndugu zangu, assalaam aleikum. Nipo Lamu, naandika insha ya maneno 3,000 kuhusu uhifadhi wa Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kilichonikwamisha si hoja bali urefu wa aya. Aya yangu ya nyumba za mawe imefika maneno 410, kwa kuwa nimeanza na kuta za matumbawe na chokaa, nikapita kwenye boriti za mikoko, nikaishia kwenye zidaka za ndani (vishubaka vya ukutani), nami naona vyote hivyo ni jambo moja, yaani ujenzi. Mhadhiri wangu ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, "kata", bila kueleza nikate wapi. Nilipoigawa kila baada ya sentensi tatu, ikasomeka kama orodha ya bidhaa dukani.

Je, nihesabu maneno, au nifuate hoja hata aya ikijaza ukurasa mzima? Na aya ya sentensi moja, ambayo magazeti huitumia kila siku, inakubalika katika kazi ya kitaaluma? Aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi naomba anielekeze, na ikiwezekana aniambie yeye angeikata wapi aya hiyo ya nyumba.