Ndugu yetu ameambiwa "ibada yenu" huko Marekani: abaki au aondoke?

Mama wa Mwanga, Kigoma

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naomba busara zenu katika jambo lililonikosesha usingizi wiki hii. Ninaye rafiki, mama wa Kikongo, tuliyefahamiana alipokuwa kambini Nyarugusu, enzi zile nilipokuwa nikipeleka dagaa Kasulu. Baadaye yeye na watoto wake walipata nafasi ya kuhamia Marekani, nasi tumeendelea kuwasiliana kwa simu.

Juzi alinitumia ujumbe wa sauti. Jumapili yao ya kwanza katika mji waliohamia, alivaa kitenge chake cha kwaya, akafika kanisani na watoto kabla ya saa nne asubuhi. Mzee wa mlangoni aliwapokea kwa tabasamu, akawapa karatasi ya matangazo, kisha akawaambia kwa upole, "Ibada yenu ni saa nane mchana, kule chini." Mtoto mkubwa ndiye aliyemtafsiria mama yake. Waliteremka ngazi, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakingoja hiyo saa nane, huku ibada ikiendelea juu ya vichwa vyao. Wimbo wa pili ulikuwa na tuni tunayoimba hata sisi huku, naye akaufuatisha kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, peke yake.

Hakutukanwa na wala hakusukumwa, na ndiyo maana hajui aliite jambo hili kwa jina gani. Mume wake anataka waondoke kabisa. Yeye anaogopa kwamba kuondoka ni kuligawa Kanisa. Je, Wakristo weusi wa huko wamekuwa wakifanya nini wanapokutwa na mambo ya namna hii?

Mvuvi wa Kibirizi

Mama, pole, lakini tusikuze mambo. Amepata hifadhi na shule ya watoto, na mlangoni amepokewa kwa tabasamu. Inawezekana kabisa kwamba mzee yule alidhani anamsaidia, kwa kuwa ibada ya saa nane ni ya lugha anayoielewa. Hata hapa Kigoma tuna ibada za lugha mbalimbali na hakuna anayelalamika. Asamehe, aombe, wala tusiingize siasa za Marekani kanisani.

Mwalimu Mstaafu, Kanyenye, Tabora

Mama wa Mwanga, swali lako ni la zamani kuliko taifa letu, na jibu lake la kwanza lilitolewa mjini Philadelphia mwishoni mwa karne ya 18. Richard Allen na Absalom Jones, wote wawili waliozaliwa utumwani na baadaye kupata uhuru, walikuwa wakisali katika kanisa la Wamethodisti la Mtakatifu George pamoja na wazungu. Siku moja, maombi yakiendelea, wasimamizi walimshika Jones aliyekuwa amepiga magoti na kumvuta ainuke, kwa sababu alikuwa amekaa mahali pasipokuwa pa watu weusi. Aliomba wamwache amalize kusali, nao hawakumwacha. Maombi yalipokwisha, watu weusi walitoka wote kwa pamoja.

Sasa tazameni walichofanya baada ya kutoka. Mwaka 1793 homa ya manjano ilivamia Philadelphia, wenye uwezo wakakimbia mji, na Allen na Jones ndio waliowahimiza watu weusi kubaki ili wauguze wagonjwa na kuzika maiti, wakiwamo wazungu wa mji ule ule. Walipochapishiwa tuhuma kwamba watu weusi walikuwa wameitumia homa hiyo kujitajirisha na kuiba, hawakunyamaza kwa kisingizio cha unyenyekevu, bali mwaka 1794 walitoa kijitabu chao kueleza hesabu za fedha walizopokea na walizotumia. Mwaka huo huo Allen akafungua kanisa la Betheli, ambalo mwaka 1816 lilizaa dhehebu kamili la Wamethodisti weusi, lililopo hadi leo. Kwa hiyo, kwao, kuuguza, kujibu uongo na kuondoka vilikwenda pamoja, na sioni kwa nini mtu atulazimishe kuchagua kimoja.

Ndugu Mvuvi, hoja yako ya lugha ina uzito, nami ningeikubali kama mama yule angeulizwa kwanza anapendelea ibada ipi. Hakuulizwa. Alitazamwa, akaelekezwa. Ama neno "asamehe", tulitumie kwa uangalifu. Aprili 1963 viongozi wanane wa dini mjini Birmingham, jimbo la Alabama, wote wazungu, walitoa tamko wakiyalaumu maandamano ya watu weusi kwamba hayakuwa ya busara wala ya wakati wake, na Martin Luther King, mchungaji mweusi aliyeongoza maandamano hayo, akawajibu kwa barua ndefu kutoka gerezani. Septemba ya mwaka huo huo bomu liliua wasichana wanne weusi katika kanisa la Wabaptisti la mtaa wa 16, mjini humo humo. Viongozi wale hawakutega bomu, lakini hiyo subira waliyoihubiri, sijui walitaka watu wasubiri mpaka nini kitokee.

Kutubu nako huchelewa mno. Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao mwaka 1845 wakitetea haki ya wamisionari kumiliki watumwa, na hawakuomba radhi rasmi mpaka mwaka 1995.

Binti Moraviani, Tabora

Shikamoo, Mwalimu. Naongeza jambo la kanisa langu mwenyewe, maana si vizuri kuwasema Wabaptisti peke yao. Wamoraviani tunajivunia kwamba wamisionari wetu wa kwanza, mwaka 1732, walikwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi. Lakini kule Salem, North Carolina, Wamoraviani hao hao walimiliki watumwa. Mwanzoni weusi na wazungu walisali pamoja na hata kuzikwa katika makaburi ya pamoja. Baadaye wazungu walitaka nafasi baina yao, makaburi yakatengwa, na katika miaka ya 1820 weusi wakajengewa kanisa la magogo la peke yao. Nina hakika kwamba hilo nalo lilielezwa kwa upole kama "ibada yenu". Kanisa lao la matofali lilijengwa mwaka 1861, na ndani yake, Mei 1865, lilisomwa tangazo la kwamba wako huru.

Kwa hiyo namshauri dada yetu asiogope kwamba yeye ndiye anayeligawa Kanisa. Katika Wagalatia sura ya 2, Petro alipojitenga na meza ya watu wa mataifa, Paulo alimkemea Petro mbele ya wote, na waliokuwa wametengwa hawakulaumiwa.

Mzee wa Ujiji

Nimewasoma wote. Mimi naishi hapa ambapo misafara ilianzia kwenda Tabora hadi Bagamoyo, na watu wetu walitembezwa wakiwa na minyororo shingoni, kwa hiyo habari ya mtu kupimwa kwa sura yake si ngeni kwangu. Lakini nina swali kwenu. Wakongo na Warundi wanapoingia makanisani mwetu, wanakaa benchi gani? Nimeshamsikia mwimbaji mwenye sauti kuliko sisi sote akiitwa "yule mkimbizi" miaka sita mfululizo, na jina lake tunalo kwenye daftari la kwaya.

Mama wa Mwanga, Kigoma

Asanteni sana. Jana usiku nilimpigia nikamsomea maneno yenu, na habari ya Absalom Jones alinitaka niirudie mara mbili. Anasema kwa sasa haondoki. Jumapili ataingia saa nne na watoto, akae benchi la tatu, na saa nane atateremka kuimba kwa Kiswahili na wenzake. Mzee wa mlangoni akimwelekeza tena, atamwambia mwenyewe, na mtoto mkubwa amekwisha kumfundisha sentensi ya Kiingereza anayofanyia mazoezi jikoni. Mume wake amesema atakwenda naye mara hiyo moja tu, kisha ataamua.

Mzee wa Ujiji, hilo la benchi nimelisikia. Alhamisi nitalipeleka kwa kina mama, ingawa namjua atakayekasirika wa kwanza.