Nimefunga nyaya vizuri, mkaguzi amekata. Kosa langu ni lipi?

fundi_mdogo_Soroti (Entebbe)

Shikamooni wakubwa. Mniwie radhi kwa Kiswahili changu, nilikiokota chuoni Soroti kwa Wakenya na Watanzania tuliolala nao bweni moja. Nyumbani tunaongea Kiteso.

Nina mwezi wa nne hangani, karakana ya ndege, bado najifunza. Wiki hii tumeingiza 737 ya zamani, ya mizigo, kwa ukaguzi mkubwa. Nikapewa kazi ndogo: fungua paneli upande wa mbele wa bawa la kulia, safisha, angalia klempu (vishikio) za nyaya, funga. Ndani nikakuta vifungu viwili vya nyaya vinapita jirani. Kimoja chembamba, kinachezacheza ukikigusa. Kingine kinene, kimetulia. Sisi tumefundishwa waya usining'inie. Nikachukua tai ya plastiki, nikafunga kile chembamba kwenye kile kinene, nikakata mkia, nikapangusa. Nikajiona fundi kweli.

Mkaguzi akaja na tochi na kile kioo chake cha mkono. Sekunde tano tu. Akatoa koleo, akakata tai yangu, akaitia mfukoni, akaniambia niandike maelezo kwamba nimeingilia nyaya za tangi la mafuta. Mimi tangi sijaligusa! Liko nyuma ya ukuta wa bawa, limefungwa, ndani yake sijawahi hata kuchungulia. Nilipouliza akasema, "Kasome." Nimesoma manyuali mpaka saa sita usiku. Kila ukurasa CDCCL, CDCCL, na bado sijaelewa kwa nini kitai cha plastiki kiniandikishe barua.

MzeeSpana (Mombasa, mstaafu)

Marahaba mwanangu. Huyo mkaguzi amekupenda. Wangu wa kwanza angekutoa hangani jioni ile ile.

Kile kifungu chembamba, kwa unavyokieleza, ni nyaya za kipimo cha mafuta. Zinapenya ule ukuta wa bawa na kuingia tangini mpaka kwenye vijiti vya kupimia, vinavyokaa ndani ya mafuta na mvuke wake. Umeme wake umefanywa mdogo makusudi, ili hata waya ukikatika mle ndani cheche isiweze kuwasha kitu. Kikomo wanachokitumia wahandisi ni mikrojuli 200. Ukivua sweta ukasikia "tik!" kidoleni, hiyo imeshazidi.

Na kile kinene? Taa, pampu, sijui, lakini kwenye ndege hiyo umeme wa volti 115 ni wa kawaida. Wewe umeviozesha hivyo viwili bila mahari. Ndege inatetemeka, tai inasaga, ganda la waya linalika taratibu, siku moja shaba inakutana na shaba. Umeme mkubwa unapata njia ya kuingia tangini, na mlango umeufungua wewe ukiwa nje. Ndiyo maana akakuandikisha.

Julai 1996 nilikuwa Nairobi. Asubuhi tukasikia redioni 747 ya TWA imelipuka muda mfupi baada ya kuruka New York kwenda Paris. Watu 230, hakupona hata mmoja. Hangani ilikuwa ubishi mtupu: bomu, kombora, bomu, kombora. Wachunguzi wa Marekani walimaliza kazi mwaka 2000, wakasema ni mvuke wa mafuta katika tangi la katikati. Tangi lenyewe lilikuwa karibu tupu, na mashine za ubaridi zilizo chini yake zilikuwa zimelipasha moto ndege ikiwa bado chini. Cheche ilianzia wapi hasa hawakuweza kuthibitisha. Walichokiona kinaelekea zaidi ni shoti iliyotokea nje ya tangi, umeme ukaingia kupitia nyaya za kipimo cha mafuta. Rudia kusoma hapo: nje ya tangi.

Mwaka 2001 ikaja kanuni yao ya SFAR 88, na hizo CDCCL zako zimetoka huko. Ni yale mambo ya muundo ambayo fundi hana ruhusa ya kuyabadilisha hata akiona anaboresha: nafasi kati ya waya na waya, aina ya klempu, ganda la kinga.

caravan_kajjansi

Pole ssebo 😂 Huku kwetu na Caravan zetu, ndege ndogo, somo ni lile lile kwa njia ya kishamba. Tukijaza mafuta kwa mapipa huko Kidepo, kwanza naunganisha waya pipa kwa ndege ili cheche isiruke, ndipo nafungua mfuniko. Siku moja abiria akaniuliza kama naichaji ndege.

dada_avioniki (Nairobi)

Mzee, shikamoo, umesema yote, ila kijana asitoke hapa anaogopa kugusa waya.

Mdogo wangu, hicho "kuchezacheza" ulikipima? Ukibonyeza kwa kidole katikati ya klempu mbili, waya ukishuka mpaka nusu inchi ni kawaida. Unatakiwa ulegee kidogo. Pengine hukuwa na kitu cha kurekebisha. Ungekuta umezidi, ungeandika kwenye kadi ya kazi, ufungue manyuali, klempu ibadilishwe kwa ile ile ya namba ile ile. Usilete inayofanana.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba hujataja mipira ya klempu. Mpira ukiisha, chuma kinakula ganda. Tazama pia vumbi la chuma pale palipotobolewa, na ulitoe kwa mashine ya kufyonza. Wanaume wa hanga mnapenda kupuliza kwa hewa, mnalisukuma ndani ya kifungu halafu mnasema pamesafishika.

Na ndege yako ni 737 ya zamani. Mei 1998 Marekani waliamuru 737 zenye saa nyingi za kuruka zifunguliwe zikaguliwe nyaya za pampu, zile zinazopita kwenye mirija ndani ya tangi. Walikuta zilizolika ganda. Hakuna aliyeziona kwa miaka, kwa sababu pampu zilikuwa zinafanya kazi.

fundi_mdogo_Soroti

Asante Mzee, asante dada. Kweli sikupima, nilitumia macho tu.

Leo asubuhi nimeomba nifungue paneli ile ile ya bawa la kushoto. Kuna tai. Si yangu, mimi upande huo sijawahi kufika. Imegeuka rangi ya chai, juu ina vumbi lililoshikana na grisi. Imefunga vile vile, chembamba kwa kinene. Nimemulika pembeni yake, ganda la waya linang'aa kama limepigwa msasa, mahali padogo kama punje ya mchele.

MzeeSpana

Umeikata?

fundi_mdogo_Soroti

Hapana Mzee. Nimeacha paneli wazi, nikamwita mkaguzi. Ametazama muda mrefu safari hii. Amefungua kadi mpya, na ndege haitoki kesho.