Naomba ushauri: kiko cha kwanza cha braia, bajeti euro 60

Wakuu, habari za leo. Nataka kununua kiko changu cha kwanza cha braia (mzizi mgumu wa kichaka unaotengenezewa viko). Binamu yangu anaishi Milan, mji wa Savinelli, watengenezaji wa viko, na mwezi wa 12 anakuja Dar, kwa hiyo ataniletea. Bajeti haizidi euro 60.

Nimependa Rossi, vile vya bei nafuu vya Savinelli hao hao. Ila kimoja alichonitumia picha kina vidoa viwili vya puti ubavuni, pale walipoziba tundu la mti. Je, vinaathiri uvutaji au ni sura tu? Sura hainisumbui, naogopa bakuli (pale tumbaku inapowaka) lisije likaungua, maana sifa kubwa ya mzizi wa braia ni kustahimili moto.

Nataka kilichonyooka, kijiti cha kusafishia kipite moja kwa moja mpaka kwenye bakuli. Chujio je, milimita 6 au 9? Na kikivutwa bila chujio kinaharibika ladha?

Kuna pia kiko cha Peterson, chapa nyingine, kilichotumika, bei ileile, ila mdomo wake una alama za meno. Mngekuwa ninyi mngechukua kipi?